Padi ya Laki Tano

Laki tano ni mshahara wa mtu. Tangu Julai 2025 ndicho kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini Tanzania, baada ya kupandishwa kutoka shilingi 370,000. Geuza dola kuwa shilingi kwa viwango vya siku hizi, utakuta laki tano hiyohiyo, na pengine ushee kidogo, ndiyo bei ya padi moja ya gemu: DualSense Edge ya Sony, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 200 kasoro senti moja. Hapo hujagusa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, wala nauli ya kuifikisha Tabora. Ikiteremka stendi imeshameza mshahara na imeanza kula posho.

Mpwa wangu ni mmoja wa hao wanaopokea mshahara huo, na aliniuliza kama inafaa kununua. Hakuniuliza kwa kuamini kwamba mjomba wake ni mtaalamu wa magemu. Alitaka mtu mzima atamke neno "nunua" ili mama yake akija juu, lawama igawanywe. Nikamwambia anieleze kwanza padi hiyo inafanya nini ambacho ile aliyonayo haifanyi.

"Mjomba, shida yote ni dole gumba," alisema, akanishikisha padi yake.

Dole gumba la kushoto ndilo linalomtembeza mtu kwenye skrini. La kulia limetwishwa kazi mbili. Linasukuma analogi ya kulia, ambayo ndiyo macho na ndiyo shabaha, na lenyewe tena ndilo linalobonyeza vitufe vya kuruka, kuinama na kujaza risasi. Haliwezi kuwa mahali pawili. Kila unaporuka, shabaha inabaki yatima kwa kitambo kidogo, na anayekuwinda anakingoja kitambo hichohicho. Wakati huo vidole vya kati na vya pete vimekaa nyuma ya padi, vinaishikilia basi, havina kazi nyingine duniani. Padi za bei mbaya zinavipa kazi. Mgongoni mwake kuna vitufe, viwili kwenye Edge, vinne kwenye Xbox Elite ya Microsoft, na mwenyewe unachagua hiki kiwe cha kuruka, kile kiwe cha kuinama. Dole gumba halibanduki tena kwenye analogi. Wasio na padi ya namna hiyo hulipata jambo hilo kwa taabu, wakikikunja kidole cha shahada kama ukucha juu ya vitufe vya mbele, mpaka kiganja kinauma.

Hoja hiyo sikuiona kasoro. Anayedhani vitufe vya mgongoni ni urembo wa matajiri hajaushika mchezo wa kufyatuana risasi akapigwa mara mbili tatu akiwa hewani. Ni wazo la mtu aliyeutazama mkono ukifanya kazi, akaona upande mmoja umeelemewa na mwingine umelala. Wazo hilo lilianza na watu waliokuwa wakifungua padi za kiwandani na kuzitia vitufe vya ziada, kampuni ya Scuf ikiwa ndiyo iliyojulikana zaidi. Microsoft ikalichukua kwa leseni, ikatoa Elite ya kwanza mwaka 2015 kwa dola 150 na ya pili mwaka 2019 kwa dola 180. Wazo lenyewe lina hataza. Februari 2021 baraza la wazee wa mahakama moja ya Marekani liliamua kwamba kampuni ya Valve, kwa padi yake yenye vitufe mgongoni, ilipe dola milioni 4 kwa kuikiuka. Watu hawaburuzani mahakamani kwa kitu cha kipuuzi. Au niseme hivi: hawaburuzani kwa kitu kisichouzika, na hayo ni mambo mawili.

Shida ni kwamba mpwa alikuwa ananisimulia vita, na Tabora haichezi vita. Pita Ng'ambo, pita Isevya, pita Kanyenye saa kumi na moja jioni, shule zimefunga na bodaboda zinavuta pumzi. Kwenye banda la gemu utakuta benchi la mbao, skrini imefungiwa juu kwenye kikasha cha chuma, waya zimepita chini ya kipande cha zulia, na kinachochezwa ni mpira. Wapo wanaofungua magemu mengine saa za asubuhi wakati banda liko tupu. Jioni ni mpira, na mpira ni zamu: aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, anayefuata ameshakaa ukingoni mwa benchi na pesa yake kiganjani.

Sasa angalia dole gumba la kulia kwenye mpira. Pasi, krosi, shuti na pasi ya upenyo, zote ziko kwenye vile vitufe vinne vya mbele, na dole hilo linaishi hapo. Analogi ya kulia inaguswa kwa chenga, na wengi wanaocheza kwa pesa zao hawapigi chenga nyingi. Wanapiga pasi mpaka beki achoke. Hakuna mahali pawili pa kugombaniwa. Kitufe cha mgongoni kitaokoa nini? Mpwa alibisha kwamba mtu anaweza kukipa kazi ya kubadilisha mbinu, au ya kumwita kipa atoke langoni. Anaweza. Hiyo ni shughuli ya mara chache kwa mechi, na kidole cha mbele kinaifikia bila jasho.

Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 walilijua kwa hasara jambo hili, kwamba kitu kizuri hufaa mahali pake. Aliyetoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, na kuendelea Ujiji alibeba shanga za aina nyingi, kwa kuwa kila nchi njiani ilikuwa na rangi na ukubwa wake, na iliyokuwa fedha kwa watu hawa haikununua hata kuku kwa wale wa mwendo wa siku chache mbele. Msafiri Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja mwanzoni mwa 1871 alihangaika sana na hesabu hiyo ya shanga. Ushanga uliokataliwa haukuwa mbovu. Ulikuwa umefika mahali pasipo pake.

Kuna kitu kingine cha njia hiyo ninachokipenda zaidi, na kinafanana mno na kitufe cha mgongoni. Msafiri Mwingereza Burton alifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii, Novemba 1857 akiwa na mwenzake Speke, na pamoja na mengi aliyoyaandika kwa kejeli yake iliyozoeleka, alieleza kwa makini jinsi mzigo wa nguo ulivyofungwa. Uzito ulikuwa kama frasila mbili, takriban kilo 32. Nguo zilikunjwa, zikakazwa mpaka zikawa kitu kigumu kirefu, zikazungushiwa kamba. Kisha zikabanwa ubavuni kwa vijiti vyenye panda, vilivyokatwa porini, vikachomoza chini ya mzigo. Msafara ulipopumzika, mpagazi aliuegemeza mzigo kwenye shina la mti, vijiti vikagusa ardhi badala ya nguo. Unyevu haukupanda, mchwa hawakufika, na muhimu kuliko vyote, mzigo ulibaki umesimama kimo cha bega. Mtu hakuinama kuunyanyua. Alisogea, akatia bega, akaondoka.

Fikiria mara ngapi kwa siku mzigo unatuliwa na kutwikwa tena, kwa safari ya miezi miwili mpaka mitatu, kutoka pwani mpaka hapa. Vijiti vile havikuongeza nguvu ya mtu. Viliondoa tendo moja, la kuinama, ambalo likirudiwa kila kituo ndilo linalomaliza kiuno. Kitufe cha mgongoni kinaondoa tendo moja vilevile, la dole gumba kubanduka. Aliyebuni cha kwanza na aliyebuni cha pili wangeelewana. Ila vijiti vilikatwa bure njiani, na mtu anayetoka Ipuli kupeleka gunia moja sokoni hakuwa na haja navyo. Ni urefu wa safari uliovipa thamani.

Na mzigo ule ulikuwa wa mtu mmoja. Wasafiri wa karne ya 19 wanasimulia vurumai ya siku ya kuondoka, wapagazi wakikimbilia mizigo na kuipima kwa mikono, kila mmoja akitaka mwepesi na uliokaa vizuri. Mnyamwezi aliutaka wa kubeba begani, mtu wa pwani alizoea kichwani, na mzigo unaopendeza kichwani unaweza kuwa adhabu begani. Mtu akishaupata wake alikuwa na sababu ya kuutengeneza: kuongeza kijiti, kuhamisha fundo la kamba, kutia kitambaa pale panapochubua. Angekuwa nao mpaka Unyanyembe.

Padi ya bandani haina mwenyewe. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba swali la mpwa, kama inafaa au haifai, linakosa nusu. Inafaa mkononi mwa nani? Padi ya laki tano inauza jambo moja hasa, kujifinyanga kwenye mkono wa mnunuzi. Unabadilisha vichwa vya analogi, virefu au vifupi, vya kubonyea au vya kuvimba. Unapunguza mwendo wa vitufe vya kufyatulia. Unapanga vitufe upendavyo na mpango unahifadhiwa humo. Kila kitu hapo kinadhani kuna mtu mmoja, chumba kimoja, jioni baada ya jioni. Ipeleke Isevya uone. Uliyepanga kitufe cha nyuma kiwe cha kuteleza utainuka ukiwa umefungwa, atakaa mwingine, atashika padi alivyozoea kuishika tangu PS2, vidole vya nyuma vitaminya bila yeye kujua, na beki wake atamfagia mtu ndani ya boksi. Penalti. Nani analipa mechi hiyo? Mwenye banda anachotaka ni padi ambayo mtoto wa darasa la tano na dereva wa lori wataishika ikawa ileile.

Mji huu umewahi kuwa na vyombo visivyokuwa vya mpigaji. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, na kabla yao Kiko Kids, walitoka hapa, na katika muziki wa dansi wa enzi hizo vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mpiga gitaa akihama bendi aliondoka na vidole vyake, gitaa lilibaki. Kama nyuzi zilikaa juu sana kwa mkono wake, alivumilia au alitafuta lugha ya kuzungumza nazo. Sisemi umaskini huo ndio uliotengeneza muziki. Hilo husemwa sana na walioshiba. Mpigaji yeyote wa wakati ule angepewa gitaa lake mwenyewe angelipokea kwa mikono miwili. Nasema tu kwamba ustadi ulikuwa unahifadhiwa mahali pengine, kwenye mwili, kwa sababu chombo kingeshikwa na mwingine Jumamosi ijayo. Wachezaji wazuri wa mabandani wako hivyo. Mpe padi yenye analogi inayovuta kushoto, atacheza dakika mbili akiipima, kisha atakufunga huku akiirekebisha kwa kidole bila kukwambia.

Analogi inayovuta kushoto, hapo ndipo penye mgonjwa halisi. Nilikaa kwa fundi mmoja karibu na soko kuu nikamtazama akiifungua padi ya PS4 iliyoletwa na mwenye banda. Skrubu nne, kisha akapitisha kadi ya plastiki kwenye mshono mpaka ganda likaachia. Akachomoa betri, akafungua utepe mwembamba unaounganisha sehemu mbili, akainua ubao. Chini ya analogi kuna kikasha cha chuma, na ubavuni mwake vijumba viwili vidogo vya plastiki, kimoja cha mwendo wa juu na chini, kimoja cha kushoto na kulia. Alikibandua kifuniko cha kijumba kimoja kwa ncha ya wembe akanionyesha. Ndani kuna njia nyeusi ya kaboni iliyopinda, na ulimi wa chuma unaotambaa juu yake. Pale ulimi ulipo ndipo padi inapoamini kidole chako kipo. Njia ile ilikuwa imechimbika katikati, na vumbi jeusi limejikusanya pembeni. "Hapa hata ukiacha mkono, yeye anaona umeshika," alisema. "Spiriti itasaidia wiki moja, mzee. Baada ya hapo tunabadilisha yote." Kubadilisha yote ni kuyeyusha risasi kwenye miguu 14 iliyochomelewa ubaoni bila kuung'oa ubao wenyewe, kazi ya mkono usiotetemeka. Karakana ya reli ya mji huu iligonga sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa, nao Wabelgiji wako njiani, kwa hiyo ufundi wa kujitegemea chini ya shida si mgeni hapa. Fundi wangu hakuijua habari hiyo, na haikumhusu. Alikuwa anapuliza moshi wa risasi usimwingie machoni.

Wataalamu wa iFixit walipoifungua padi ya PS5 mwaka 2021 walitafuta waraka wa kiwanda wa analogi hiyo, wakakuta imepimwa kwa mizunguko milioni 2. Wakapiga hesabu kwa mchezo wa Call of Duty, wakapata kwamba saa 417 zinatosha kuifikisha hapo. Kwa kijana anayecheza saa mbili kila usiku, hiyo ni miezi saba. Kwa banda linalofanya kazi saa kumi kwa siku, ni wiki sita. Mpira hausukumi analogi ya kulia kwa kiasi hicho, ila ya kushoto haipati nafuu.

Na hapa ndipo padi za bei mbaya zinaponiudhi. Ukilipa karibu mara tatu ya bei ya padi ya kawaida, ungetarajia ugonjwa huu umetibiwa. Haukutibiwa. Edge na Elite ya pili zote zina njia ileile ya kaboni na ulimi uleule. Sony angalau imefanya analogi ichomoke bila kuchomelea, na ya akiba ilitoka kwa dola 20. Elite haichomoki hata hivyo. Dawa yenyewe ipo na ni ya zamani: sumaku inayozunguka juu ya kihisi bila kukigusa, hivyo hakuna kinachosuguana. Sega iliitia kwenye padi ya Dreamcast mwaka 1998. Leo utaikuta kwenye padi za GameSir na 8BitDo zinazouzwa kwa robo au theluthi ya bei ya Edge, nyingi zikiwa na vitufe vya mgongoni juu yake. Wakubwa wanauza ubora wa mguso, wadogo wanauza uimara, na mnunuzi wa Tabora anayesoma bei peke yake atachagua vibaya.

Kitu kimoja ndani ya sanduku la Edge ningekitetea mbele ya mwenye banda yeyote: waya wake mrefu, karibu mita tatu, umefumwa nje kwa uzi na una kifuniko cha kuufunga kwenye padi usichomoke mtu akiruka kushangilia. Ajabu ni kwamba hicho ndicho ambacho matangazo yanakitaja mwisho.

Turudi kwa anayecheza vita, maana mpwa ni mmoja wao, usiku, na watu wa mbali. Vitufe vya mgongoni vinamwokolea sehemu ndogo ya sekunde. Safari ya bonyezo lake kutoka Tabora mpaka kwenye seva, ambazo kwa magemu mengi ya aina hii ziko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya, na kurudi, inaweza kuila sehemu hiyo yote na kudai nyingine. Umeme ukicheza kidogo, au jirani akianza kupakua filamu, imekwisha. Nilimwambia kwamba ningekuwa yeye ningeanza kwa kuachana na intaneti ya kugawiwa kutoka kwenye simu. Hakufurahi. Nadhani alijua.

Upo mkono mmoja ambao kwa ajili yake sitajadili bei kabisa. Aliyepoteza dole gumba kwenye mashine ya kusaga, aliyezaliwa na vidole vitatu, aliyepooza upande: kwa huyo kitufe cha mgongoni kinamrudisha kwenye mchezo ambao padi ya kawaida ilimfungia nje. Microsoft ilitoa padi yake ya walemavu mwaka 2018 kwa dola 100, Sony ikafuata na yake, Access, Desemba 2023 kwa dola 90, na zote mbili zimejengwa juu ya fikra ileile kwamba kazi ihamishwe kwenda kwenye kiungo kinachoiweza. Laiti mwenye banda mmoja mjini angekuwa na moja tu kwenye kabati, akaitoa anapokuja anayeihitaji. Hii ndiyo padi ya gharama ambayo ningeichangia.

Tulipofika hapo ndipo nilipoigeuza padi niliyoshikishwa, nikaitazama vizuri. Ilikuwa ya PS4. Nikamuuliza Edge inafanya kazi kwenye PS4? Kimya. Akatafuta kwenye simu, akasoma, akasoma tena. Edge ni padi ya PS5. Kwenye kompyuta inakubali, kwenye PS4 haiwezi kuendesha magemu. Kijana alikuwa karibu kulipa mshahara mzima kwa kitu ambacho mashine yake ingekitazama tu.

Humo humo kwenye kusoma akakuta kitu alichokuwa hakijui. Mwanzoni mwa 2020, miezi kadhaa kabla PS5 haijatoka, Sony ilitoa kipande kidogo cha kuchomeka chini ya padi ya PS4, kwenye tundu la visikilizi. Kina vitufe viwili vinavyokaa mgongoni na kioo kidogo cha duara kinachoonyesha kila kimoja kimepewa kazi gani. Kilikuwa dola 30. Unakichomeka ukitaka kucheza vita, unakichomoa ukitaka mpira, na padi inabaki ileile aliyoizoea. Nikakumbuka vijiti vya panda ubavuni mwa mzigo wa nguo, navyo vilitiwa juu ya mzigo uliokuwepo, bila kuuza mzigo.

Ubaya ni kwamba hakipatikani tena dukani, kinatafutwa mkononi mwa watu, na Tabora iko mbali na pale vitu vinaposhukia. Umbali huo una historia yake. Mmisionari Livingstone aliagiza bidhaa kutoka pwani zimngoje Ujiji. Alipofika Oktoba 1871, amedhoofu, akakuta mtu aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza zote. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, hapo nje kidogo ya mji, kuanzia Februari mpaka mwishoni mwa Agosti, na baada ya Stanley kuondoka Machi alichokuwa akifanya ni kungoja wapagazi watumwe kutoka pwani. Tembe alilokaa bado linatembelewa. Mpwa aliwahi kupelekwa kule na shule, anachokumbuka ni miembe.

Amempata mtu Kariakoo anayesema anacho kimoja, kimetumika lakini kizima, shilingi elfu tisini, na anataka nusu itangulie. Picha aliyotuma ina kivuli pale penye kile kioo. Nimemwambia asitume hata mia. Shangazi yake yuko Buguruni. Yeye ndiye aende kwa muuzaji na padi ya PS4 mkononi, akichomeke, abonyeze vitufe vyote viwili, ndipo alipe, na kondakta wa basi la jioni atakileta.